Kaka Kawekwa Getini

Mwenzangu, nina hasira leo!

Unajua kaka alivyotoka jeshini akapata ile nafasi ya mafunzo kazini, miezi sita, idara ya ghala? Leo nimempelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Nani ananifungulia geti? Kaka! Anakagua mikoba ya wageni!

GETINI! Mtu aliyekuwa akipanga chakula na mafuta ya wanajeshi mia nane!

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Meneja anasema askari ni wa kulinda, ghala lina wenyewe waliolisomea."

Nikamwambia aende kwa meneja na barua yake ya kupewa nafasi sasa hivi, la sivyo naenda mimi. Akaenda, mimi nyuma yake. Akasema kwa upole kabisa, "Bosi, barua yangu inasema ghala."

Meneja hata macho hakuinua. "Tutaona mwezi ujao."

Basi wee! Kaka akasimama wima, mkono ukapanda wenyewe. Akampigia saluti! Mazoea ya miaka kumi na tisa. Ofisi nzima ikaangua kicheko, meneja anapiga meza kwa kucheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Kaka akaikunja barua, akarudi getini.

Nikamwambia, "Twende nyumbani, kaka. Achana nao."

Akanijibu, "Nikiondoka leo, askari mwingine akija kuomba hawatampa hata hili geti."

Nimelia njia nzima.