Kufuli Dogo la Njano Limemrudisha Mke Wangu Kwao

Mpendwa mshauri Bi Ritha, mwanangu, baada ya salamu na dua njema naja kwako nikihitaji msaada wa haraka, kwani mke wangu Mwanamkasi amerudi kwao Pangani, na Ijumaa hii baada ya swala shemeji yangu Mselem ameitisha kikao cha kunihoji, neno talaka limeshatajwa, na kisa cha yote hayo ni kufuli.

Mimi ni mzee, mwalimu wa Kurani na lugha katika chuo cha hapa Tongoni, na sikuwahi kutajwa kwa ubaya hadi nilipokutana na Mzee Fanueli, Mlutheri wa Muheza, kwenye foleni ya kupimwa macho, begi langu limefungwa kwa kufuli, kadi imo ndani, ufunguo nimeusahau nyumbani. Fanueli akaniomba ruhusa, akatoa vijichuma viwili, kimoja akakipachika chini ya tundu na kukikaza kidogo tu, kingine akakipenyeza ndani akigusa pini moja baada ya nyingine, mara tik! likaachia. Subhanallah! Nilicheka mpaka muuguzi akauliza kama nimeshatiwa dawa.

Tangu hapo nimekuwa kama mtoto siku ya Idi. Nilianza na kufuli la plastiki angavu, ambalo unaziona pini zikipanda na kushuka kama maamuma waliokosa imamu, kisha nikahamia kufuli dogo la shaba njano lenye pini tatu, kwani Fanueli alinikataza yale hafifu kabisa, yanayofunguka hata ukiyatikisa na yasiyomfunza mtu kitu. Mke wangu sikumwambia, kwa kuchelea isije ikavuma kijijini kwamba mwalimu wa watoto wao anajifunza wizi, bali nilimwambia naingia stoo kufanya mutalaa, naye, Allah amlipe, akaniletea chai ya tangawizi na kuniombea nizidishiwe elimu.

Siku nilipolifungua lile la njano furaha ilinizidi, nikampigia Fanueli, na kwa kuwa sote wawili hatusikii vizuri, simu tuliiweka spika.

"Umelifungua, Mwalimu?"

"Nimelifungua, alhamdulillahi! Lile kufuli dogo la njano!"

"Hukulilazimisha?"

"Hata kidogo! Nililipapasa polepole, likaachia lenyewe."

"Hongera! Sasa utafute jeusi. Lina ukaidi, lakini utalipenda."

"Nitalipata wapi, ndugu yangu?"

"Njoo Muheza. Ninayo matano chini ya kitanda."

Nje ya mlango nikasikia kikombe kikivunjika. Alikuwa Sabiha, mpwa wa mke wangu aliyekuja likizo kutoka mjini, na punde mke wangu, aliyekwisha kunong'onezwa naye, akaingia, akaniuliza, "Lilikuwa la nani?" Nami kwa unyofu nikamjibu, "Langu. Nimelinunua sokoni, nilichagua mwenyewe." Hapo ndipo kilio kilipoanza.

Ni Mselem aliyenifumbua masikio kwa simu: "Shemeji, kweli hujui? Vijana wa mjini wakisema kufuli, wanakusudia nguo ya ndani ya mwanamke!" Wallahi nimefundisha lugha umri wangu wote, na maana hiyo haimo katika kamusi yangu yoyote.

Mwanamkasi ameondoka baada ya kukifunga chumba chetu kwa kufuli jipya, kanzu zangu zote zimo ndani isipokuwa hii niliyovaa, nami nalala ukumbini juu ya mkeka aliousuka yeye. Kufuli lenyewe nimelitazama, ni la pini nne, ningelifungua kabla uji haujachemka, lakini sikuligusa, kwa kuwa si langu kulifungua. Je, niuache mchezo huu? Na kikaoni nikaseme nini, ikiwa kila nikikitaja kitu chenyewe nazidi kuzama?

Mwalimu, Tongoni

Shikamoo, Mwalimu wangu. Nimekucheka hadi machozi, kisha nimekukasirikia, kwa hiyo nivumilie.

Neno la vijana lisikusumbue. Mkeo amekuchemshia tangawizi na kukuombea elimu, nawe umejifungia stoo unachezea pini! Mutalaa gani huo, mzee wangu? Neno lile lilipofika, lilikuta uongo wako umeshalitandikia mkeka.

Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi fua kanzu hiyo moja, ikikauka panda gari la Pangani. Ukifika usieleze, maana kila ukieleza unaharibu. Omba radhi kwa ule uongo wa stoo, kisha mpe mkononi lile kufuli la plastiki na vijichuma vyako, umwambie akaze kidogo, aguse, asikilize. Vidole vilivyozoea kusuka ukili vitakushinda, na ukishindwa, ufurahi. Fanueli umwalike chakula pamoja na mkewe, na yale matano yatoke chini ya kitanda yaje mezani.

Mchezo usiuache, uhamishie barazani, kila mtu aone. Fungua uliyoyanunua kwa ajili hiyo tu. Linalofunga mlango wa watu au sanduku la msikiti usilijaribu, hata ukibembelezwa, kwani laweza kuharibika pini, na jina lako pia. Jeusi lisubiri hadi ununue la pini nne na likuchoshe.

Barua yako nimeirudia kwa sababu ya jambo moja. Umelala sakafuni, kanzu zako ziko ng'ambo ya mlango, uwezo unao, na hukuligusa. Hilo ndilo umwambie Mwanamkasi mwisho kabisa. Kisha nyoosha mkono, umwombe ufunguo.