Pole ya Kaka Yako Makaburini

Wifi Eliza,

Hapa Birmingham baridi inauma mpaka kwenye meno. Jana kaka yako alinitembeza mjini tangu asubuhi, tukaishia kwenye kanisa kuu la zamani. Uani tukakuta makaburi, na katikati yake watu wengi wameketi kimya, wamevaa makoti meusi, wanakula mikate. Kaka yako akajua ni msiba. Akavua kofia, akaanza kuwapa mkono mmoja mmoja, akiwaambia pole kwa Kiingereza chake cha shule. Kumbe ni wafanyakazi wa ofisini, saa ya chakula! Walimtazama tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamvuta koti tuondoke, lakini bibi mmoja kati yao hakuuachia mkono wa kaka yako. Alikuwa analia. Akasema mumewe alifariki wiki tatu zilizopita, na hata jirani wa mlango wa pili hajaja kumpa pole. Tukakaa naye mpaka mvua ikatuondoa.

Tumewakumbuka sana, wifi. Kadi hii ikikufikia, nenda nayo kaburini kwa Mama, umsomee. Mwambie malezi yake yamefika Uingereza.

Wifi yako,
Mama Neema