Mama Mkwe Anasema Upasuaji Usubiri Shemeji Ajenge

Mama Orpah mpendwa, nakuomba unijibu kabla ya Jumatano. Mume wangu Tony ana miaka ishirini na minane, anachimba dhahabu kwenye migodi ya Osiri, sisi ni Wasabato, havuti sigara wala hanywi pombe, ila tangu Februari ana kidonda pembeni mwa ulimi na sasa daktari amesema ni kansa, upasuaji ni Jumatano, na kwamba kwenye kipande cha nyama walichokata kidondani wakapima, jeni ya kuzuia kansa imeharibika. Nilipomweleza mama mkwe hapa Mbita akasema, "Si nilisema? Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mila. Tony alijenga boma kabla ya kaka yake mkubwa, Zablon. Hakuna kisu itamguza mpaka Zablon ajenge," na Tony amekubali, anasema kama ni kitu cha damu kisu kitasaidia nini, nami namtazama mtoto wetu wa mwaka mmoja najiuliza kama amerithi. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Akiwa shimoni Tony huweka ndawa, tumbaku ya unga, chini ya ulimi ili asisikie njaa wala usingizi, na mimi ndiye humnunulia sokoni, miaka sita sasa, na daktari alipouliza kama anatumia tumbaku Tony alisema hapana, nami nikaangalia chini. Je, nimemuua mume wangu?

Risper, Mbita

Risper binti yangu, pole sana. Hujamuua mtu. Tony yu hai na ana tarehe ya upasuaji, kitu ambacho wengi wanakililia. Lakini lazima nikugombeze kidogo: tumbaku ni tumbaku hata isipotoa moshi. Mlikuwa mnamficha nani, daktari au mchungaji?

Sasa sikiliza. Mwilini kuna jeni zinazozuia chembe hai za mwili zisiongezeke ovyo, kama breki za pikipiki. Breki zikikatika, uvimbe unaanza. Mara nyingi hukatika palepale penye kidonda, mtu akiwa ameshakuwa mkubwa, na tumbaku ni mojawapo ya vinavyozikata. Kitu kama hicho mtu hakuzaliwa nacho, wala hampi mtoto wake. Wachache huzaliwa nacho kweli, na kwa kuwa Tony bado kijana, muulizeni daktari waziwazi. Na hata angezaliwa nacho, uvimbe bado hutolewa kwa kisu. Msiulize majirani.

Mama mkwe usimjibu vibaya. Anaogopa kumzika mwanawe, na mimi namwonea huruma. Mpigie Zablon leo hii, yeye ndiye mkubwa, aje amwambie mama yake kwamba hana kinyongo, atajenga, ila Tony atangulie hospitali. Ndawa iliyobaki nyumbani itupe chooni hata akinuna.

Jumatano nenda naye wewe mwenyewe. Daktari akiuliza tena habari ya tumbaku na Tony akinyamaza, jibu wewe.

Mama Orpah