Kipele cha Kwanza Likoni

Mke wangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Natumai wewe na mbuzi wako mu wazima. Likoni ni joto, na mpwa wangu Mwanasha ananilisha viazi vya karai kana kwamba nimetoka vitani.

Kwa kuwa saratani ya utumbo imekwisha kufika kwenye ini, daktari ameongeza juu ya kemo dawa inayoulenga uvimbe wenyewe. Alisema ikinifanya nitokwe na vipele usoni kama kijana anayebalehe, nifurahi, kwani mara nyingi ni dalili kwamba inafanya kazi. Uso wangu ukabaki laini kama yai. Mzee Athumani wa Mtopanga, ambaye huketi jirani yangu tukitiwa dripu, alijaa vipele hadi masikioni, na kila apitaye humpa hongera.

"Mwalimu," aliniuliza, "bado hujabalehe?"

Usiku huo usingizi ulinipaa.

Jana asubuhi nilikiona kimoja kwenye kioo, juu ya pua. Nilimwita Mwanasha, naye akapiga vigelegele hata majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Bi Mwanakombo wa nyumba ya pili akaleta liwa anipake, kipotee.

"Bibi," nikamwambia, "kiache kama kilivyo."

Leo vipele vimeshuka hadi shingoni, alhamdulillahi. Katika dua zako usiviombee vipone upesi. Ulinikubali mara ya kwanza nikiwa na uso wa namna hii. Nakuomba unikubali tena.

Mumeo akupendaye,
Salim