Wambui, Darasa Letu Limepata Madirisha

Wambui mwenzangu,

Leo nimekunywa chai peke yangu tena. Mwalimu aliyechukua nafasi yako ni mtu mzuri, lakini anakunywa akiangalia simu, nami habari hii sina wa kumwambia ila wewe.

Darasa letu limepata madirisha. Ndiyo, lile la mabati, lililobanwa na maghorofa hapa Kware hadi stima ikipotea asubuhi hatuoni ubao. Unakumbuka ulivyomsumbua mkurugenzi wa shule? "Nikitoboa ukuta, wezi wataingia," alikuwa akisema. Nawe ukamwambia, "Na macho ya watoto yakiharibika, nani atayarudisha?" Nilikuvuta sweta unyamaze. Hukunyamaza.

Tulipokwisha kukuzika, wazazi walikuja wenyewe Jumamosi. Babake Mumbua, yule fundi wa kuchomelea vyuma, alikata mabati akatia grili. Mkurugenzi alisimama akitazama, hakuwazuia.

Mumbua unamkumbuka, yule wa dawati la nyuma. Alikuwa akienda nyumbani kila adhuhuri, harudi, na walimu wengine wakamwita mvivu. Ni wewe uliyemuuliza taratibu, akakuambia choo hakina mlango na wavulana huchungulia. Kesho yake ulitoka kwako Tassia kwa miguu, umebeba kichwani mlango wa stoo yako. Tukaupachika sisi wawili, tunagonga misumari ikipinda, tunacheka mpaka machozi. Tangu hapo Mumbua akawa anabaki mchana. Na sasa ubao anauona. Juzi alikuwa wa kwanza kwa hesabu, Wambui. Wa kwanza! Nilitoka mbio na karatasi yake kuja kukuonyesha. Nilifika mlangoni mwa darasa lako hapo jirani ndipo nikakumbuka.

Nikaikunja karatasi, nikarudi darasani.

Bado joto linatushinda. Mchana mabati yakiwaka, watoto wanalala juu ya vitabu. Mvua ikinyesha, nafunga mdomo mpaka ipite, maana hakuna anayenisikia. Ulisema tukipata madirisha tutaomba dari. Tulizoea kwenda ofisini wawili, wewe ukisema, mimi nikiitikia kwa kichwa.

Pumzika, dada yangu. Jumatatu nitaingia kwa mkurugenzi peke yangu kuiomba hiyo dari. Sauti itatetemeka, najua. Lakini nakuahidi, sitatoka kabla sijasema yote.

Wako,
Wanza