Mama Alisema Karibuni

Baraka, tarehe 9 Oktoba 2023

Mpendwa yaya Ramazani, kaka niliyelelewa naye,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lusaka, na kwamba kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi huku tunapumua. Mama ni mzima, ila magoti. Mvua za kwanza zimenyesha na mihogo ya nyuma ya nyumba imeshika. Nimeanza na salamu kwa sababu Mama amekaa hapa karibu nami na ameniagiza nisiruke hata moja. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo yanayofuata ni yangu.

Nimekupigia simu tangu mwezi wa nane. Inaita, kisha inakatwa. Ndiyo maana naandika kwa mkono. Leo nitaipiga picha barua hii na kukutumia, na karatasi yenyewe ataibeba jirani yetu Chérie, anayemfuata mume wake huko. Sitaki siku moja useme hukuipata.

Haruna, kaka yangu uliyekula naye sahani moja, yuko gerezani. Amehukumiwa miezi kumi na minane kwa wizi wa moteri, injini ya mtumbwi, ya Placide, yule mwenye mitumbwi ya kwenda Nundu. Unajua kwamba Haruna ndiye aliyekuwa anaitengeneza moteri hiyo. Ilipopotea mwezi wa pili watu walimtazama yeye, lakini hapakuwa na kitu cha kumshika nacho. Sasa kipo. Ni mfuko wako.

Polisi walikuja Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, watu watatu. Haruna alikuwa uani anakunywa chai. Walimfunga pingu, kikombe chake bado kinatoa moshi. Kisha mkubwa wao akasema waangalie kidogo ndani. Nikasimama mlangoni, nikaomba hati ya upekuzi.

— Mandat iko wapi?

— We dada, iko avocat? Ao iko juge?

Wenzake wakacheka: mimi, wakili au hakimu! Nilikuwa nafungua mdomo tena, Mama akanikemea mbele yao.

— Munira, wacha. Bageni banasimama ku mulango, we unabauliza karatasi? Karibuni, bababa. Mungie. Nyumba iko yenu.

Akalishika pazia kwa mkono wake mwenyewe mpaka wa mwisho akapita.

Sheria hiyo naijua, yaya. Katiba, ibara ya 29: nyumba ya mtu haiingiliwi wala haipekuliwi ila kwa namna sheria ilivyopanga. Kwenye mtihani wa mwaka wa mwisho nilipata kumi na sita juu ya ishirini. Siku ile, mimi na kumi na sita yangu, tulikwenda kuwaletea viti.

Walikuta mfuko wa kijivu chini ya kitanda cha Mama, pale ulipouweka siku mbili kabla ya safari yako. Haruna alikuwa Lulimba. Mimi na Mama tu ndio tuliokuona. Uliushona mdomo kwa uzi wa nyavu, ukamwambia Mama ni amana, utamtuma mtu kuichukua. Kwa miezi mitano aliusogeza akifagia, akaurudisha mahali pake. Hakuwahi hata kuubonyeza. Siku niliyomuuliza una nini ndani, alinitazama kama niliyeomba kumchungulia mtu akioga.

Polisi walikata uzi kwa kisu. Ikatoka helisi ya moteri, ile inayokata maji, na kifuniko chenye jina la Placide lililochorwa kwa msumari. Haruna alivitazama, kisha akamtazama Mama. Mkubwa wao akauliza vitu ni vya nani.

— Iko ya muntu, Mama akajibu. Mushone tena vile muliikuta.

Walipoondoka na Haruna, aliinama akaokota vipande vya uzi. Anavyo mpaka leo, ndani ya mkebe wa sindano.

Mahakamani tulikuwa na wakili, Maître Marthe. Aliomba mfuko uwekwe kando, uhesabiwe kama haujaonekana: polisi hawakuwa na karatasi, na Haruna hakukutwa akiiba, alikutwa na kikombe cha chai. Hakimu akamwita Mama.

— Mama, ulibaambia bapolisi baingie?

— Nilibaambia karibuni. Muntu akisimama ku mulango yako, we unamuambiaka nini, bwana juge?

Watu wakacheka, na hakimu naye. Kisha akaandika kwamba mwenye nyumba aliruhusu kwa hiari yake. Neno ambalo Mama amelisema maisha yake yote, kwa wauza samaki wa ndagala na kwa waliofiwa, likawa ndiyo karatasi waliyoikosa.

Maître Marthe hakukubali. Alisema kuingia nyumbani ni jambo moja na kukata mfuko ulioshonwa ni jambo lingine. Tena mfuko haukuwa wa Mama, hakuweza kuutolea ruhusa. Hapo nilimwona hakimu akiweka kalamu chini. Akauliza, basi ni wa nani? Mwenye mfuko aje hapa, aseme mwenyewe kwamba hakuruhusu.

Mama alitazama miguu yake. Mimi nikamtazama Mama. Tulikuwa wawili tuliojua, na tulinyamaza mbele ya Haruna, mtoto wake na kaka yangu.

Mama amenikataza kumwambia Haruna. Kila Alhamisi nampelekea bugali na ndagala, na kila Alhamisi ananiuliza mfuko ni wa nani, na mimi nampangusia sahani. Amekonda. Hamlaumu Mama. Nadhani ananilaumu mimi niliyesoma, na hajakosea.

Rufaa itasikilizwa Uvira Ijumaa ya tarehe 27. Nataka karatasi moja tu, yenye sahihi yako na kopi ya kitambulisho chako: kwamba mfuko ni wako, uliushona wewe, na hukumruhusu mtu yeyote kuufungua. Maître Marthe anasema mfuko ukitolewa kwenye kesi, hakuna kinachobaki juu ya Haruna. Na hata ukibaki, wajue si wake.

Sikuulizi helisi ulitoa wapi. Labda ulinunua bila kuuliza, labda sivyo. Najua sahihi hiyo inaweza kukufungia njia ya kurudi Baraka. Lakini mama yako, Mungu amrehemu, alipokufa ulikuwa na miaka sita, na Mama alikuchukua, akakulaza kwenye kitanda chake hicho hicho. Wewe uliijua nyumba hii. Ulijua kwamba ndani yake hakuna atakayeufungua mfuko wako, na hakuna atakayekutaja. Ndiyo maana uliuleta kwetu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kuliko wizi.

Mama anaamini utamtuma mtu, kama ulivyosema. Ninakungoja mpaka Alhamisi ya tarehe 26. Ukisema wewe, amana ya Mama itakuwa imefika kwa mwenyewe. Usiposema, Ijumaa nitasimama mimi na kulitaja jina lako, na Mama atakuwa amekaa nyuma yangu, anasikia.

Msalimie shemeji Kirezi na mtoto. Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri, na anamwomba Mungu akulinde ugenini. Dua hiyo ni yake. Nimeiandika kama alivyoisema.

Mimi mdogo wako, ambaye bado sijalitaja jina lako,

Munira