Utungo Uliorudi Mwanzo

Euless, Texas
14 Aprili

Kwa mdogo wangu Zaid,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Naanza kwa kukuomba radhi. Miezi minane ni mingi kwa ndugu waliolala kitanda kimoja utotoni. Simu unanipigia, nami naitazama ikilia mpaka inyamaze. Sina hasira nawe, wala sikuwa safarini. Sababu ninayo, na nitaitaja mahali pake. Unajua sipendi mtu anayeanza sentensi kwa mkia.

Viungo vyangu ni vizima, namshukuru Mungu. Natumai goti lako limepoa, na kwamba ukuta wa uani umekwisha kupigwa lipu kabla ya masika. Nisalimie shemeji yangu Mwanabaraka. Mwambie bizari aliyonitumia bado naitumia kwa kijiko kidogo ili isiishe, na asikuachie wewe kazi ya kwenda sokoni, kwa kuwa tangu ujana wako hujui kulitambua jicho la samaki aliyelala.

Nusra hajambo. Anafanya kazi Carrollton, katika nyumba ya kutunzia wazee waliopotewa na kumbukumbu, na hurudi jioni miguu imemvimba. Lugha yake ndiyo mgonjwa. Juzi aliniambia, “Baba, leo nita-drive mimi, wewe u-relax.” Nikamwambia kitenzi hicho hakina mama wala baba. Akacheka, akasema hata kitenzi yatima kinafika Carrollton kikipewa gari.

Huenda nilikwisha kukueleza juu ya watu ninaopiga nao fidla. Kama nilikueleza, vumilia. Mwaka juzi nilikwenda Arlington kununua nyuzi. Nyuma ya duka la ala kuna chumba, na humo kila Jumapili baada ya adhuhuri hukaa watu kama kumi na wawili kwa duara, wakipiga muziki wa Kiayalandi kwa fidla, filimbi, kodiani na banjo. Hapana jukwaa, hapana msikilizaji, hapana hata karatasi moja ya noti. Mimi niliyelelewa katika kikundi cha taarabu, ambako bashirafu ya kufungulia onyesho hupigwa kwa adabu na macho yako kwenye karatasi, nilisimama mlangoni nikidhani ni fujo. Nilipotulia nikasikia kwamba fujo ile ina kanuni kali kuliko zetu.

Aliyenikaribisha ni Kigen, Mkenya wa Eldoret, dereva wa lori. Banjo alifundishwa shuleni na padri wa Kiayalandi. Aliiona kofia yangu, akaniamkia, akauliza kama mimi ni mzee wa Coast. Nikamjibu kwamba mimi ni wa Unguja, na kwamba Kiswahili kina neno pwani. Akasema, “Sawa Mwalimu, basi kaa hapa pwani karibu na mimi,” akanivutia kiti. Tangu siku hiyo sina jina jingine pale.

Nyimbo zao hazina maneno, na kila mmoja ni mfupi. Una sehemu mbili, kila sehemu hurudiwa, na wimbo mzima hupigwa mara tatu. Ukiisha hawanyamazi. Huingia wimbo wa pili papo hapo, kisha wa tatu, kama mtu anayetoka chumba kimoja kuingia kingine bila kufunga mlango. Nyimbo tatu zilizofungwa hivyo wao huziita “set”, na neno hilo sikulikubali. Nimeliita jambo hilo utungo, maana sisi hutunga shanga na hutunga shairi kwa kitenzi kimoja, na kazi ni ileile: ushanga hupendeza kwa uliotangulia na kwa unaofuata. Kigen alilipenda neno. Wingi wake alisema “mautungo”, nikamwambia ni tungo, akasema, “Mwalimu, hata nikiwa off unanipa homework.”

Kutunga huko kuna sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Nyimbo tatu sharti ziwe za mwendo mmoja, kama maneno ya sentensi yanavyoifuata nomino. Wa pili uchangamke kuliko wa kwanza. Sauti ya mwisho ya wimbo mmoja iwe kizingiti cha unaofuata. Na zaidi ya yote, usiweke pamoja nyimbo mbili zenye sura moja, kwa kuwa vidole ni vipumbavu: vikifika mahali pawili panapofanana, hufuata njia viliyoizoea. Kazi hii ya kuchagua niliipenda kuliko hata kupiga. Wiki nzima nilikuwa nikizipima nyimbo kichwani, upi ukae na upi, na Jumapili nikawa naombwa kuanza.

Sasa nakuja kwenye Jumapili moja ya Januari. Nilikuwa nimetunga utungo wa nyimbo tatu ambazo, kwa kuwa majina yake ya Kizungu hayanikai, nimeziita kwa majina yangu. Kinu, kwa sababu kinatwanga. Pazia, kwa sababu linapepea. Ngazi, kwa sababu inapanda. Nilianza Kinu, tukakipiga mara tatu. Nikainua kidevu, ndiyo ishara ya kubadili, tukaingia Pazia, mara tatu. Nikainua tena kidevu ili tuingie Ngazi, na Ngazi haikuwapo.

Sisemi niliikosea. Haikuwapo, Zaid, kama mtu anavyonyoosha mguu kutafuta kipandio na kukuta ngazi yenyewe imeondolewa. Vidole vikarudi kwenye Kinu. Wenzangu wakanifuata, kwa kuwa desturi ni kumfuata aliyeanza. Kinu kikatutia kwenye Pazia, Pazia likaturudisha kwenye Kinu, na mimi sikuuona mlango wa kutokea. Nilikuwa nikitabasamu. Shati lilinishika mgongoni kwa jasho, na nje ya dirisha palikuwa na baridi ya kugandisha maji. Hatujui tungezunguka mpaka saa ngapi kama Bi Noreen, bibi wa miaka themanini anayeliongoza duara lile, asingeinua mguu, ndiyo ishara ya kukoma.

Wakapiga makofi. Kigen alijipiga goti akasema, “Mwalimu, umetuzungusha vibaya, mimi nilidhani tutazeekea humo ndani.” Bi Noreen alisema kwamba katika miaka sitini ya kupiga hajapata kusikia utungo unaorudi mwanzo kama nyoka anayeuma mkia wake, akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamjibu kwamba ndivyo tunavyofanya Unguja.

Wewe unajua hatufanyi hivyo.

Uongo huo umezaa. Mwishoni mwa Mei wapigaji wa Dallas, Fort Worth na Houston watakutana Houston kwa siku mbili. Bi Noreen aliwaandikia wa Houston habari zangu, nao wameomba nije niwafundishe kwa saa nzima jinsi ya kuchagua nyimbo na kuzitunga, kisha niongoze duara. Tangazo limekwisha kuchapishwa. Nimeandikwa “Mzee Hemed wa Zanzibar na utungo wa duara.” Kigen amesema atanipeleka kwa gari lake, mwendo wa saa nne, na kwamba njiani nimfundishe ngeli zote ili afike Houston akiwa Mswahili. Kule desturi ni nyingine. Mtu hukugeukia tu akakwambia anza, na wimbo anautaja yeye.

Wiki mbili baada ya Jumapili ile nilikuwa narudi kutoka Arlington peke yangu. Ni safari ya robo saa, nimeiendesha mara mia. Niliingia barabara inayopita katikati ya uwanja wa ndege, iliyo jirani na kwetu, nikatokea upande wa kaskazini. Nikageuza, nikaingia tena, nikatokea kusini. Nikasoma vibao vyote kwa ufasaha, kila neno nikalielewa, na hakuna kibao hata kimoja kilichoniambia niko wapi. Niligeuza mara tatu. Mara ya tatu niliingia maegesho, nikazima gari, nikakaa nikiwatazama watu wakikumbatiana na mizigo yao, mpaka jina la mtaa wetu liliporudi lenyewe, kama paka. Nusra aliponiuliza nimechelewa wapi, nikamwambia barabara inatengenezwa. Hapa barabara hutengenezwa kila siku, basi akaamini.

Tangu hapo natunga kwa hofu, na jambo la ajabu ni kwamba wenzangu wanasema sijapata kutunga vizuri hivi. Bi Noreen husifu jinsi wimbo mmoja unavyomwagikia katika mwingine. Kigen husema, “Mwalimu, hizo joint zako hazionekani kabisa.” Hawajui kwamba sichagui tena wimbo kwa uzuri wake. Nachagua ule ambao sauti zake tatu za mwanzo tayari ziko chini ya vidole vyangu unapokwisha uliotangulia, ili nisihitaji kukumbuka chochote. Na ndani ya pindo la mkono wa shati, mahali ambapo upinde hulifunua kidogo, naandika kwa kalamu ya risasi herufi za wimbo unaofuata. Wanachokiita ufundi ni mkongojo. Watanipeleka Houston nikawafundishe watu wazima wenye miguu yao kutembea kwa mkongojo.

Utauliza kwa nini nisimwambie Nusra, naye kazi yake ndiyo hiyo. Ni kwa sababu hiyohiyo. Mwezi uliopita tulikuwa tunakula, akanisimulia juu ya mzee mmoja wa kule kazini, aliyekuwa mhandisi, ambaye kila asubuhi hufunga tai akauliza basi linapita saa ngapi. Alisimulia kwa huruma, hakumcheka. Akasema watu hudhani majina ndiyo hutangulia kuondoka, lakini kwa wazee wake mara nyingi kinachotangulia ni mpango wa mambo, lipi lifuate lipi. Mkono wangu ulikuwa na tonge. Nililirudisha sahanini, nikasema nimeshiba. Ana namna ya kuwatazama wazee wale, nimeiona siku aliponipitisha kazini kwake: huinama kidogo, na huzitamka sentensi zake nusu nusu. Naogopa ugonjwa, lakini naogopa zaidi asubuhi ambayo mwanangu ataniinamia na kunikatia sentensi.

Hii ndiyo sababu ya kutoshika simu, kwa kuwa kurudia maneno kulinianza hata kabla ya Januari ile. Katika simu maneno hutoka na kwenda, nawe ungesikia nikirudia kabla mimi sijasikia. Nikaona niandike, kwa sababu barua huwezi kuikatiza, na kwa sababu naweza kurudi juu nikaisahihisha kama nilivyosahihisha daftari za watoto wa watu miaka thelathini na mitatu, kwa kalamu nyekundu.

Nimeshika kalamu hiyo sasa hivi. Nimerudi juu nikasoma tangu mwanzo, na katika aya ya pili nimekuta nimemsalimia Mwanabaraka.

Zaid, ndugu yangu, najua kwamba Mwanabaraka alifariki. Ulinipigia mwezi wa Agosti, ukashindwa kusema, mwanao akachukua simu akasema yeye. Nilikaa chini jikoni. Tulimsomea khitma hapa nyumbani, Nusra alipika, na mimi ndimi niliyeomba dua. Nilipokuwa nikiiandika sentensi ile nilimwona amesimama uani kwenu na kanga yake begani, akikuambia umeletewa samaki wa jana. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nimeisoma mara nne, na haina kosa. Kiima na kiarifa vinapatana, kitenzi kiko katika wakati wake, hata mkato uko mahali pake. Ningeipa alama zote. Imekosa jambo moja tu, nalo ni kwamba hayupo wa kusalimiwa.

Nilitaka kuchukua karatasi nyingine ninakili upya, nawe usingejua. Nimeona nisifanye hivyo. Nimeipigia mstari mwekundu chini yake na kuiacha palepale, ili awepo mtu mmoja duniani aliyeliona kosa langu kwa mwandiko wangu. Niwie radhi kwa kukufungulia kidonda. Hujapata kunisamehe jambo zito kama hili.

Basi mambo mawili yako mbele yangu. Naweza kwenda Houston, nikafundisha, nikaanza wimbo nitakaotajiwa, na nikiukosa niseme tena kwamba ni ada ya Unguja. Au naweza kumwita Nusra akae nami, nimpe ufunguo wa gari, nimwoneshe pindo la shati, kisha Kigen na Bi Noreen waambiwe. Kila usiku nachagua, asubuhi nakuta nimechagua kinyume. Sijui kama huko ni kusitasita au ni kusahau.

Wasalimie wote walio hai katika nyumba yako, na waliotangulia wasomee Fatiha kwa niaba yangu. Mafungu hayo mawili nimeyapitia mara mbili kabla ya kuyaandika.

Nikishaamua nitakuandikia. Zikikufikia barua mbili zenye maamuzi tofauti, shika ile ya kwanza. Na zikikufikia mbili zenye uamuzi mmoja na maneno yaleyale, ziweke pamoja wala usiniambie.

Ni mimi kaka yako,
Hemed